Dola Ikipanda, Usingizi Unapaa

SWALI: Nauza nguo soko la Konyo Konyo, Juba. Dola ikipanda silali. Watu husema, “waza mazuri tu.” Nifanyeje?

JIBU: Dada yangu, kujilazimisha kuwaza mazuri kunachosha, na hofu ya mtaji ina sababu. Shirika la Afya Duniani lina njia nyingine. Ilijaribiwa kwa wanawake wakimbizi wa Sudan Kusini walioko Uganda, kwa sauti zilizorekodiwa kwa Kiarabu cha Juba; matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha dhiki yao ilipungua. Njia yenyewe ni hii: hofu ikija, itaje kimoyomoyo: “hii ni hofu.” Kanyaga ardhi, pumua taratibu, sikiliza kelele za soko, kisha mrudie mteja. Huenda hofu isiondoke yote, ila kazi itaendelea. Jioni usiulize bei ya dola. Usipolala vizuri kwa wiki kadhaa, nenda kituo cha afya.