Amana ya Mwenye Elimu

Mtu anunuapo sukari dukani huitazama mizani kwa macho yake mwenyewe, na akishuku humtaka mwenye duka apime tena. Lakini asomaye habari za uchunguzi wa kitaalamu haioni mizani iliyotumika. Hakuwapo wagonjwa walipopimwa, wala hakuona jinsi hesabu zilivyoandikwa. Analo neno la mtaalamu tu. Kwa sababu hiyo amana ya mwenye elimu ni nzito kuliko ya mfanya biashara, na khiyana yake huwadhuru watu wengi zaidi.

Mfano wa jambo hili ulitokea Uingereza. Mwezi Februari 1998 gazeti mashuhuri la madaktari, The Lancet, lilichapa makala ya daktari Andrew Wakefield na wenzake 12, kuhusu watoto 12 waliochunguzwa katika hospitali ya Royal Free, London. Makala hiyo ilidokeza kwamba huenda pana uhusiano baina ya chanjo ya pamoja ya surua, matumbwitumbwi na rubela, na maradhi ya matumbo pamoja na usonji, yaani hali inayomzuia mtoto kuzungumza na kuchangamana na watu kama wenzake. Makala yenyewe ilikiri kwamba uhusiano huo haukuthibitishwa. Walakini Wakefield aliwaambia waandishi wa habari kuwa ni afadhali kila ugonjwa uchanjiwe peke yake.

Wasomaji hawakuambiwa mambo mawili. Kwanza, tangu mwaka 1996 Wakefield alikuwa akifanya kazi ya kulipwa kwa wakili aliyetayarisha madai dhidi ya watengenezaji wa chanjo hiyo; malipo hayo, yaliyotoka katika mfuko wa umma, yalizidi paundi 435,000. Pili, mwaka 1997 jina lake liliwekwa katika maombi ya hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki uvumbuzi, kwa ajili ya chanjo ya surua peke yake. Basi, mtu aliyetia shaka katika bidhaa ya wengine alikuwa na bidhaa yake mkononi.

Mwandishi wa habari Brian Deer alianza kuyafichua hayo mwaka 2004. Mwaka huo huo waandishi 10 kati ya 13 waliikana tafsiri ya makala yao. Baraza Kuu la Madaktari lilimwona Wakefield kuwa hakuwa mwaminifu, na pia kwamba aliwatoa damu watoto waliohudhuria sherehe ya kuzaliwa kwa mwanawe, akiwapa paundi 5 kila mmoja. Yeye alikana kufanya kosa. Februari 2010 The Lancet liliifuta makala, na Mei 2010 jina lake likaondolewa katika orodha ya madaktari.

Husemwa kwamba njia ya mwongo ni fupi. Njia hii ilikuwa na urefu wa miaka 12, na walioitembea ni watoto. Katika Uingereza watoto waliopata chanjo hiyo walipungua kutoka asilimia 92 hivi hadi asilimia 80 mwaka 2003-04. Mwaka 1998 wagonjwa wa surua waliothibitishwa katika England na Wales walikuwa 56. Mwaka 2008 walizidi 1,300. Mwaka 2006 kijana wa miaka 13 alifariki, naye alikuwa wa kwanza kufa kwa surua nchini humo tangu 1992. Uchunguzi uliofanywa Denmark na kutangazwa mwaka 2019, juu ya watoto zaidi ya 650,000, haukuona kwamba chanjo hiyo huongeza usonji.

Huenda mtu akauliza: Je, ni haramu mtaalamu kupokea malipo? La, hasha. Mfanya kazi anastahili ujira wake. Ubaya umo katika kuficha. Hakimu mwenye ndugu katika kesi hana budi kusema, ili watu waamue kama wamkubali au wamkatae. Akinyamaza, hata hukumu yake ya haki hutiwa shaka.

Basi zipo wajibu tatu. Mchunguzi ataje nani amemlipa, na aandike alichokiona, siyo alichokitamani. Mhariri asipumbazwe na sifa za gazeti lake, na akosapo asahihishe upesi. Maana makala huchapwa kwa siku moja, bali hofu haifutiki kwa siku moja. Naye mfanya biashara asiinunue kalamu ya mtaalamu, kwani ushahidi ulionunuliwa si ushahidi.

Nasi wasomaji, tuletewapo habari ya dawa au chakula, na tuulize: Nani amelipa? Nani mwingine amepima akaona hivyo hivyo? Nani atapata faida tukiamini? Kuuliza hivyo si kuwadharau wataalamu; ndiyo njia pekee tuliyo nayo ya kuitazama mizani yao.