Mashine ya kukinga hundi: inachozuia na isichozuia

Tuchukue mfano wa mwenye duka la saruji na mabati pale Shirimatunda, katika manispaa ya Moshi. Anamlipa mwenye lori la mchanga shilingi 60,000 kwa hundi. Wateja wamejaa, ana haraka, hivyo anaandika "elfu sitini" katikati ya mstari, na tarakimu "60,000/=" anaziweka katikati ya kisanduku, kisha anatia sahihi. Hundi inapita mikono miwili mitatu kabla ya kufika benki. Huko njiani mtu anaongeza "laki sita na" mbele ya "elfu sitini", na tarakimu moja ya 6 mbele ya 60,000. Benki inalipa 660,000. Hakuna kilichofutwa wala kukwanguliwa, na sahihi ni ya mwenye duka mwenyewe.

Hizo laki sita ni hasara ya nani? Jibu la swali hilo ndilo linaloeleza kwa nini ofisi nyingi za uhasibu za zamani zilikuwa na kile kidude kizito cha chuma chenye mkono wa kuvuta, yaani mashine ya kukinga hundi.

Kanuni ya jumla iko upande wa mteja. Hundi ni agizo la mteja kwa benki yake, na benki ikilipa zaidi ya ilivyoagizwa, ziada hiyo imeitoa mfukoni mwake. Sheria yetu ya hati za malipo, Sura ya 215, ambayo imefuata kwa karibu sheria ya Uingereza ya mwaka 1882, inasema kuwa hundi iliyobadilishwa jambo la msingi bila idhini hupoteza nguvu dhidi ya aliyeitoa. Kiasi cha fedha ni jambo la msingi. Mpaka hapo mwenye duka wetu angeweza kulala usingizi.

Hata hivyo, kuna kesi ambayo kila mfanyabiashara mwenye kitabu cha hundi anapaswa kuifahamu. Kampuni ya Macmillan and Arthur ya London ilikuwa na karani aliyekuwa akiandaa hundi za matumizi madogo ya ofisi. Siku moja alimletea mmoja wa wabia hundi yenye tarakimu za pauni 2 tu, huku mstari wa maneno ukiwa mtupu na pande zote za ile 2 zikiwa na nafasi. Mbia alikuwa anatoka kwenda kula chakula cha mchana. Akatia sahihi. Karani akaongeza 1 mbele na 0 nyuma, akajaza maneno "pauni mia moja na ishirini", akachukua fedha na kutoweka. Mwaka 1918 Baraza la Malodi, mahakama ya juu ya Uingereza wakati huo, liliamua kuwa benki ilikuwa na haki ya kukata pauni zote 120 katika akaunti ya kampuni. Sababu: mteja ana wajibu kwa benki yake kuandika hundi kwa uangalifu wa kawaida, asiache mlango wazi kwa mghushi. Akiuacha wazi na mghushi akapita papo hapo, hasara ni yake.

Msomaji asidhani mambo hayo ni ya Uingereza peke yake. Sheria inayotokana na hukumu za mahakama za Uingereza ilipokelewa Tanganyika kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920, miaka miwili baada ya hukumu hiyo. Kwa hiyo msingi wake umekuwa nasi tangu mwanzo. Mwenye duka wa Shirimatunda akienda kulalamika, benki itaitandaza hundi mezani na kumwonyesha ile nafasi aliyoiacha mbele ya "elfu sitini". Labda kama nyongeza inaonekana wazi, kwa wino mwingine au mwandiko mwingine, hapo atakuwa na la kusema, kwa kuwa mlipaji wa benki naye ana wajibu wa kutazama.

Mashine ya kukinga hundi ilibuniwa ili kuziba nafasi hiyo. Za mwanzo, katika karne ya 19, zilikuwa zinatoboa tu: matundu madogo kwenye karatasi yaliyochora tarakimu za kiasi. Wazo lilikuwa kwamba wino unaweza kufutwa lakini tundu halifutiki. Mwaka 1895 huko San Francisco, Marekani, genge la mghushi aliyeitwa Charles Becker lilionyesha kuwa hata tundu linafutika. Lilichukua hundi ya benki ya dola 12 iliyokuwa imetobolewa hivyo, likaziba matundu kwa rojo la karatasi, likatoboa upya, na hundi ikalipwa kwa dola 22,000.

Jibu la maana lilitoka mji wa Rochester, jimbo la New York, mwaka 1899, ndugu wawili Libanus na George Todd walipoanza kutengeneza mashine waliyoiita Protectograph. Badala ya kutoboa na kuondoa karatasi, herufi zake za chuma zilikuwa na meno membamba yaliyochana nyuzi za karatasi na papo hapo kusukuma wino ndani ya mchano huo. Hapo ndipo ulipo ubora wake. Wino ulio juu ya karatasi unaweza kukwanguliwa kwa wembe au kusafishwa kwa dawa. Wino uliokwenda ndani ya nyuzi zilizochanika hautoki ila na karatasi yenyewe. Ukipitisha kidole nyuma ya hundi unahisi mikwaruzo.

Mashine za kwanza za Todd zilichapa kikomo tu, mathalani kwamba hundi haizidi dola kumi. Bila shaka msomaji ameona kasoro: hundi ya dola 51 iliyopigwa "haizidi sitini" bado inaweza kupandishwa hadi 59. Baadaye zikaja zinazochapa kiasi kamili, tena kwa rangi mbili, na alama maalumu mbele ya kiasi na nyuma yake ili tarakimu isiingizwe upande wowote. Kampuni ya Todd ilinunuliwa na Burroughs, watengenezaji wa mashine za hesabu, mwaka 1955.

Kuitumia si kazi. Kila safu ina kitasa au vibonye vya 0 hadi 9. Unapanga kiasi, unaingiza hundi kwenye mwanya, unavuta mkono mara moja. Lakini kwetu sisi kuna jambo ambalo wauzaji wa mashine za mitumba hawalisemi, nalo ni idadi ya safu. Mashine yenye safu saba, mbili zikiwa za senti, mwisho wake ni 99,999.99. Kwa dola hicho ni kiasi kikubwa. Kwa shilingi, mwaka 1980 ambapo dola moja ilikuwa kama shilingi 8, bado kilitosha shughuli nyingi za duka. Kufika mwaka 1995 dola ilikuwa imezidi shilingi 500, na mashine ileile ilikuwa haiwezi tena kuandika laki moja. Kushuka kwa shilingi kulizistaafisha mashine hizo huku chuma chake bado kizima. Anayeuziwa moja leo ahesabu safu kwanza, na aangalie kama kuna alama ya dola au pauni iliyochongwa kabisa mbele ya kiasi, maana benki haitaipokea hundi ya shilingi yenye alama ya dola.

Kwa bahati nzuri, sehemu kubwa ya kazi ya mashine inaweza kufanywa na kalamu. Hapa lugha yenyewe ina mchango, jambo ambalo sijaona likifundishwa katika vitabu vyetu vya biashara. Anayeandika hundi kwa Kiingereza ana hatari kubwa, kwa kuwa sita, saba, nane na tisa za lugha hiyo hugeuka kuwa makumi kwa kuongezwa herufi chache tu mwishoni. Kiswahili kimetukinga kwa kiasi: nne haiwezi kugeuzwa arobaini, wala nane kuwa themanini, bila kuandika neno jipya kabisa. Lakini tuna mianya yetu. "Sita" kuwa "sitini", "saba" kuwa "sabini" na "tisa" kuwa "tisini" kunahitaji "a" ya mwisho igeuzwe "i" na herufi mbili ziongezwe. Hundi ya elfu sita imekuwa ya elfu sitini.

Kisha kuna mpangilio wetu wa kutaja kubwa kwanza, ndogo baadaye. Mpangilio huo unafungua milango miwili: mbele panaingia "milioni moja na", nyuma panaingia "na elfu tisini". Mlango wa nyuma unafungwa kwa neno "tu", lililobanwa na tarakimu ya mwisho, na kwa mstari unaokwenda hadi ukingoni. Upande wa tarakimu, ile "/=" tuliyorithi kutoka enzi za shilingi na senti inafanya kazi hiyohiyo, ilimradi igusane na sifuri ya mwisho. Mlango wa mbele hauna neno la kuufunga. Dawa yake ni kuanza kuandika penye ukingo kabisa wa kushoto, mara tu baada ya neno "Shilingi" lililochapwa na benki, na tarakimu ya kwanza iguse mpaka wa kisanduku. Mwenye duka wetu alifunga nyuma kwa "/=" na kuacha mbele wazi.

Sasa tuje kwa kile ambacho mashine haizuii, kwa kuwa hapa ndipo wenye mashine walipojidanganya. Inakinga kiasi, basi. Jina la mlipwaji haligusi. Mapema miaka ya 1930 mahakama za Uingereza zilisikiliza kesi ya Slingsby na benki ya District. Wasimamizi wa mirathi walitoa hundi ya pauni 5,000 kwa madalali wa hisa, John Prust and Company, na nafasi ikabaki baada ya jina. Wakili waliyemwamini akaongeza katika nafasi hiyo maneno ya kuonyesha kuwa malipo yapitie ofisi yake, akazichukua. Pauni 5,000 hazikuguswa hata kwa nukta; mashine yoyote ya Todd ingezipitisha. Safari hii mahakama iliwaokoa watoaji wa hundi, kwa maelezo kwamba wakati huo haikuwa desturi kupiga mstari baada ya jina. Siku hizi kila benki inamwambia mteja apige mstari huo. Nisingependa kuwa mfanyabiashara anayekwenda mahakamani kuegemea utetezi wa miaka 90 iliyopita.

Mashine pia haizuii karatasi tupu kung'olewa katikati ya kitabu, wala sahihi ya kughushi, wala bosi anayesaini hundi kumi tupu Ijumaa kwa sababu anakwenda Marangu kwenye harusi. Tena ofisi nyingine ziliiacha mashine mezani kwa karani yuleyule mwenye kitabu cha hundi, hivyo ulinzi ukawa mikononi mwa mtu ambaye ulikusudiwa kumlinda mwajiri dhidi yake. Karani akishapiga kiasi kwa mashine, hundi inaonekana safi kuliko iliyoandikwa kwa mkono, na anayesaini haangalii mara mbili.

Leo matumizi ya hundi yamepungua sana. Malipo makubwa yalianza kuhamia kwenye mfumo wa Benki Kuu wa benki kwa benki, TISS, mwaka 2004, na madogo yakachukuliwa na simu baada ya M-Pesa kuingia nchini mwaka 2008. Jirani zetu Kenya waliweka kikomo cha shilingi zao milioni moja kwa kila hundi kuanzia Oktoba 2009. Kikomo cha namna hiyo nacho ni aina ya kinga: mghushi anaweza kupandisha, lakini ana dari. Na kadiri hundi zinavyosafiri kati ya benki kama picha badala ya karatasi, ule mchano wa Todd unapoteza nusu ya thamani yake, kwa sababu mtazamaji wa picha hana cha kupapasa.

Kilichobaki na nguvu ileile ni kishina. Mwenye duka wetu alikuwa ameandika 60,000 kwenye kishina, na taarifa ya benki inasema 660,000. Kama analinganisha kila wiki, anaifikia benki pengine kabla fedha hazijatolewa zote upande wa pili, na mwenye lori na wale waliobeba hundi bado wanakumbuka ilipita kwa nani. Kama anasubiri mhasibu wa kuja mara moja kwa mwaka kumfungia hesabu za kodi, tofauti ya laki sita itaonekana miezi tisa baadaye, kwenye daftari, pamoja na tofauti nyingine.

Anayetaka bado kununua mashine, aombe kuijaribu dukani kwa karatasi chakavu. Achape kiasi, ageuze, apapase kwa kidole. Kama nyuma ni laini, meno yamekwisha na anauziwa muhuri.