Feni ya Rejeta Isiyozimika: Tafuteni Chanzo Kabla ya Kutoa Pesa



Vikundi vingi siku hizi vina gari yao, pengine Corolla ya zamani au Probox ya kupeleka maziwa na mboga sokoni, iliyonunuliwa kwa pesa za hisa za miaka mingi. Sasa feni ya rejeta inakataa kuzima. Usiku kucha inazunguka, asubuhi betri imekufa na maziwa yanaharibika. Fundi atawaambia, "Feni imekwisha, nunueni nyingine." Hebu tufikiri kidogo. Feni inayozunguka ni nzima! Kilichoharibika ni kile kinachoiamuru.

Betri ya gari ndogo mara nyingi ni ya ampea-saa 45 hivi. Feni ikila ampea 10, kwa saa nne na nusu imeimaliza. Kwa hivyo, kabla ya kulala, fungueni waya wa hasi wa betri mpaka ugonjwa ujulikane.

Kwanza jueni feni yenu ni ya aina gani. Katika pikapu nyingi na Hiace za zamani feni huzungushwa na injini yenyewe kwa mkanda, na injini ikizima nayo husimama. Hiyo si ya somo hili. Sisi tunasema ile yenye mota yake na waya zake.

Tena, si kila kuzunguka ni ugonjwa. Ukiwasha kiyoyozi, feni huwaka. Gari nyingine huiacha izunguke dakika chache baada ya injini kuzimwa. Na huenda injini ina joto kweli: maji yamepungua, thamostati imekwama, au rejeta imejaa matope na majani. Hapo feni inafanya kazi yake, na mkiinyamazisha mtaunguza gasketi ya silinda hedi. Pimeni maji asubuhi, injini ikiwa baridi. Kifuniko cha rejeta yenye moto hakifunguliwi hata kidogo.

Basi tuanze kupima, injini ikiwa baridi. Angalieni mikono na leso, kwa maana feni ya umeme huweza kuwaka bila kubisha hodi.

Toeni ufunguo kabisa. Je, feni bado inazunguka? Mshukiwa wa kwanza ni rilei. Hiki ni kijisanduku kidogo ndani ya sanduku la fyuzi chini ya boneti. Mara nyingi mchoro uko kwenye kifuniko. Umeme mdogo huingia humo kuita umeme mkubwa wa feni. Vibati vyake vikiungua hushikana, na havibanduki tena. Ivuteni. Feni ikinyamaza, wekeni nyingine yenye namba ile ile na miguu ile ile, hata ya kuazima kutoka mahali pengine kwenye gari hiyo hiyo. Ikibaki kimya, mmepata mgonjwa, na bei ya rilei haikaribii bei ya feni. Lakini kama feni inazunguka hata rilei ikiwa mkononi mwenu, basi kuna waya uliochunika na kugusa mwingine. Hapo mwiteni fundi wa umeme.

Sasa, kama feni hunyamaza ufunguo ukitolewa lakini huwaka mara tu ufunguo unapogeuzwa, na injini ni baridi, tazameni upande wa sensa ya joto. Gari zenye kompyuta zimetengenezwa kwa tahadhari: kompyuta ikikosa habari za joto, huwasha feni ili injini isiungue. Soketi iliyolegea, kutu ya kijani, au waya uliotafunwa na panya (nao wanapenda sana gari inayolala karibu na ghala) inatosha. Safisheni soketi kwanza. Mwenye mita apime sensa: katika Toyota nyingi, penye baridi ya nyuzi 20 huonyesha omu 2,000 hadi 3,000 hivi, na penye nyuzi 80 hushuka hadi omu 200 mpaka 400.

Corolla za miaka ya 1990 zinawachanganya hata mafundi. Swichi yake ya joto hufanya kazi kinyume: ikiwa baridi imefunga njia ya umeme na feni inalala; ikifika nyuzi 93 hivi inafungua, na feni inaamka. Kwa hivyo ukichomoa waya wa swichi hiyo, feni haizimi, inawaka! Jaribuni hivi: chomoeni waya huo, muuguseshe kwenye chuma cha injini ufunguo ukiwa umewashwa. Feni ikinyamaza, waya na rilei ni wazima, badilisheni swichi. Ikiendelea, rudini kwenye rilei na waya.

Kuna dawa moja ya njiani ambayo hatuipendi. Fundi hukata waya na kuweka swichi ya mkono karibu na usukani. Inafanya kazi vizuri hadi siku dereva atakaposahau, gari imejaa, mlima ni mrefu. Hedi ikipinda, akiba ya kikundi yote inaingia gereji.

Maswali ya kujadili katika mkutano wenu:
Dereva anapoambiwa "nunueni kipya", ni nani kati yenu atakayekwenda kuona kikipimwa?
Kifaa kilichotolewa kwenye gari hurudishwa kwa kikundi, au hubaki kwa fundi?