Viambishi Tamati vya Kihungaria na Kiayalandi: Maswali Yanayoulizwa Sana

Je, lugha hizi mbili ni ndugu?

Hapana. Kihungaria ni cha ukoo wa Kiurali, pamoja na Kifini na Kiestonia. Kiayalandi ni lugha ya Kikelti, ndugu wa karibu wa Kigaeli cha Uskoti. Tunazitaja pamoja kwa sababu zote mbili huunda maneno mapya kwa kuongeza viambishi mwishoni.

Mbona maneno ya Kihungaria ni marefu hivyo?

Kazi tunayoigawia maneno manne, wao huibebesha neno moja. Chukua *ház*, yaani nyumba. *Házaimban* ni "ndani ya nyumba zangu": *-ai-* yaonyesha mali ni nyingi, *-m* ni mimi mwenye mali, *-ban* ni ndani.

Nasi tuna *-ni* ya mahali, ila yetu haichagui: nipo nyumbani, naingia nyumbani, natoka nyumbani. Kitenzi ndicho kinachoamua. Mhungaria hana nafuu hiyo. Aliyemo ndani yumo *házban*, anayeingia anaingia *házba*, anayetoka anatoka *házból*. Juu ya kitu kuna seti nyingine kabisa: kitabu kipo *asztalon* (mezani), unakiweka *asztalra*, unakiondoa *asztalról*. Hapo mgeni hutokwa jasho, hasa akisikia kwamba mtu huwa "ndani" ya Nairobi, *Nairobiban*, lakini "juu" ya Budapest, *Budapesten*. Miji mingi ya Hungaria yenyewe hupewa kiambishi cha juu. Ya ugenini hupewa cha ndani. Usitafute mantiki, kariri tu.

Kwa nini mara -ban, mara -ben?

Ni upatanifu wa irabu. *Ház* ina irabu ya nyuma, kwa hiyo *házban*. *Kert* (bustani) ina irabu ya mbele, kwa hiyo *kertben*. Vivyo hivyo *barátság* ni urafiki, *szépség* ni uzuri. Asikutishe mtu kwamba huu ni uchawi wa Ulaya. Wewe mwenyewe husema pikia lakini somea, wala hukufundishwa.

Kiayalandi nacho kinafanyaje?

Kwa kiasi. *-lann* hutaja mahali: *leabhar* ni kitabu, *leabharlann* ni maktaba, *bia* ni chakula (kileo hakimo), *bialann* ni mgahawa. *-ín* hudogosha, kama *ki-* yetu: *bóthar* ni barabara, *bóithrín* ni kijia cha shamba. *-óir* humtaja mtenda kazi: *bád* ni mashua, *bádóir* ni mwendesha mashua.

Lakini mkulima, kutoka *feirm* (shamba), ni *feirmeoir*. Ile *e* imetoka wapi? Kanuni ya tahajia yao hutaka konsonanti izungukwe na irabu za aina moja: nyembamba (*e, i*) pande zote mbili, au nene (*a, o, u*) pande zote mbili. Kwa kuwa *rm* ya *feirm* imetanguliwa na *i*, sharti *e* iingizwe baada yake.

Nitafuteje neno kwenye kamusi?

Kwa nomino za Kihungaria, punguza viambishi kuanzia nyuma hadi ufike kwenye shina. Kwa Kiayalandi, angalia na mwanzo pia, kwani herufi ya kwanza hubadilika: mashua yangu ni *mo bhád*. Ukiona *bhád*, ondoa *h* kwanza, kisha utafute *bád*.