Mgonjwa ni Nani? Somo la Rukhsa Kutoka Kwenye Foleni ya Chanjo



Chanjo ya UVIKO-19 ilipoanza kutolewa hapa Uganda, Machi 10, 2021, kaka yangu alikuwa na miaka 24. Tangu utotoni ana kisukari aina ya kwanza, na hawezi kuishi bila insulini. Wizara ya Afya ilikuwa imetangaza kwamba, pamoja na wahudumu wa afya, walimu, askari na waliofika miaka 50, watu wa umri mdogo wenye maradhi sugu nao watachanjwa. Alipofika kituo cha kwanza aliambiwa, "Wewe bado kijana, rudi nyumbani." Kesho yake alikwenda kituo kingine na kadi yake ileile ya kliniki, akachanjwa. Mwili ni mmoja na ugonjwa ni mmoja, lakini hukumu zilikuwa mbili. Mama hakulala usiku ule wa katikati.

Baadaye nilipofika darasa la usul al-fiqhi, nililikuta swali lile lile: mgonjwa anayestahiki rukhsa ni nani, na nani anaamua?

Mfano wa Marekani

Tusidhani hili ni tatizo letu peke yetu. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC) kilikuwa na orodha mbili. Ya kwanza ilikuwa ya maradhi yanayoongeza hatari ya kuugua sana UVIKO-19, na ya pili ya yale ambayo huenda yakaongeza. Kisukari aina ya pili kiliwekwa katika orodha ya kwanza, na aina ya kwanza katika orodha ya pili. Majimbo kadhaa yalichukua orodha ya kwanza tu. Texas, kwa mfano, iliandika waziwazi kisukari aina ya pili. New Jersey ilifungua mlango kwa wavutaji sigara katikati ya Januari 2021, kwa sababu uvutaji ulikuwa katika orodha ya kwanza.

Wakati huo, utafiti mkubwa wa England uliochapishwa mwaka 2020 ulikuwa umeonyesha kwamba, baada ya kuzingatia umri na hali ya maisha, uwezekano wa mwenye aina ya kwanza kufa hospitalini kwa UVIKO-19 ulikuwa kama mara 3.5 ya asiye na kisukari. Kwa aina ya pili ilikuwa kama mara 2. Uingereza iliziweka aina zote mbili katika kundi moja la chanjo. CDC ilirekebisha orodha yake mwishoni mwa Machi 2021.

Kosa lilikuwa wapi? Orodha zile mbili zilipangwa kwa wingi wa ushahidi uliokusanywa, si kwa ukubwa wa madhara. Waliozitumia wakasoma "ushahidi bado mchache" kana kwamba ni "hatari ni ndogo".

Wanachuoni wanatufundisha nini?

Katika Surat al-Baqara, aya ya 184, mgonjwa na msafiri wametajwa pamoja katika ruhusa ya kula mchana wa Ramadhani. Lakini mafakihi hawakuwapima kwa kipimo kimoja. Safari ni sababu iliyo dhahiri na yenye mpaka. Ndiyo maana msafiri aliyestarehe ana rukhsa yake, na mchukuzi wa mizigo anayetaabika mjini kwake hapati rukhsa ya msafiri.

Ugonjwa haushikiki hivyo. Imepokewa kwamba Ibn Sirin alionekana akila mchana wa Ramadhani kwa sababu ya maumivu ya kidole. Jamhuri ya wanachuoni hawakwenda naye. Wao waliangalia madhara: je, kufunga kutazidisha ugonjwa au kuchelewesha kupona? Hilo hujulikana kwa uzoefu wa mgonjwa mwenyewe au kwa kauli ya tabibu mjuzi na mwaminifu. Jina la ugonjwa peke yake halitoshi.

Na katika Sunan ya Abu Dawud kuna kisa cha mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapata janaba. Aliwauliza wenzake kama ana rukhsa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (S.A.W.) aliposikia aliwakemea vikali, akawabebesha kifo kile, akabainisha kwamba dawa ya kutojua ni kuuliza. Kumnyima rukhsa anayeistahiki si tahadhari. Kunaweza kuua.

Mazingatio

1. Orodha ni lazima. Muuguzi mwenye foleni ya watu mia tatu hawezi kumpima kila mmoja, kwa hiyo anahitaji alama iliyo wazi. Lakini orodha ni chombo cha kuhifadhi nafsi. Ikipingana na lengo hilo, irekebishwe haraka.

2. Anayesimamia mlango asijibu asilolijua. Neno "subiri niulize" lingemtosha kaka yangu siku ile ya kwanza.

3. Wewe mwenye pumu, selimundu au kisukari, tunza kadi yako ya kliniki na uombe barua ya daktari kabla ya siku ya haja. Ukikataliwa, uliza kwa adabu kigezo kiko wapi.

4. Sisi wenye afya tumsindikize mwenzetu. Mgonjwa aliyerudishwa mara moja huenda asirudi tena.

Kesho baadhi yetu tutakuwa madaktari, maafisa wa wilaya na makadhi, na tutaandika orodha kama hizi. Kabla ya kuweka muhuri, tujiulize nani tumemwacha nje, na kwa hoja gani.

Allah atujaalie uadilifu, na awaponye wagonjwa wetu. Amin.