Ziwa Natron: Viumbe Wanaishije Kwenye Maji Makali?

Kaskazini mwa Tanzania, karibu na mlima Ol Doinyo Lengai, kuna ziwa ambalo maji yake huunguza ngozi ya binadamu. Kipimo cha pH hupita 10, na kina hakifiki meta tatu. Hata hivyo, takriban robo tatu ya heroe wadogo wote duniani huzaliwa humo.

Ukali huo unatoka wapi?

Vijito na chemchemi za moto huingiza madini ya volkano, lakini hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kugeuka mvuke tu, magadi yakabaki na kuzidi kukolea.

Samaki anawezaje kuishi katika maji ya namna hiyo?

Jibu linaonekana Ziwa Magadi, jirani yake upande wa Kenya. Samaki wengi hutoa taka ya mwili kama amonia kupitia matamvua. Kwenye pH ya 10 amonia haitoki vizuri. Ingejazana mwilini na kuwaua. Perege mdogo wa Magadi huigeuza taka hiyo kuwa yurea, ambayo sumu yake ni ndogo sana. Tena huvumilia maji ya chemchemi yenye joto la nyuzi 40 za Selsiasi.

Heroe wanafaidi nini?

Usalama. Ngozi ngumu huikinga miguu yao, na tezi za kichwani hutoa chumvi iliyozidi. Viota vyao vya matope hujengwa mbali na ukingo, ambako fisi na mbweha hawafiki kwa urahisi.

Hali ikibadilika, inakuwaje?

Maji yakijaa, viota huzama. Yakikauka, maadui huvuka kwa miguu. Mwaka 1962 Natron ilifurika, heroe wakaenda kutaga Magadi. Huko magadi yaliganda kwenye miguu ya vifaranga kama pingu. Watu waliingia ziwani kuyavunja, na maelfu ya vifaranga wakaokoka.

Kipi kinahitaji kulindwa zaidi?

Mizani ya maji. Natron imo katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu tangu 2001, lakini mto wake mkubwa, Ewaso Ng'iro ya kusini, unaanzia misitu ya Mau nchini Kenya. Misitu hiyo ikifyekwa, au maji yakizuiwa huko juu, athari itafika kwenye viota vya Tanzania. Kwa hiyo mipango ya mto huo inapaswa kufanywa na nchi zote mbili kwa pamoja, kwa sababu heroe wa Afrika Mashariki hawana mahali pengine pa kuaminika pa kuzalia.