Pima Kabla ya Kumimina: Somo la Etanoli, Turbo na Pistoni Moja



Wiki mbili zilizopita nilikuwa kantini nakula chipsi mayai, jamaa yangu wa mwaka wa tatu akaja, akavuta kiti. Ana Altezza aliyoachiwa na mjomba wake, na hosteli nzima inaijua kwa mlio. Akaniuliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeuliza mtihani umevujia wapi: "Mwanangu, wewe si ulikuwa Iowa? Wale jamaa wanatia etanoli, gari linapaa. Sasa ile spiriti ya majiko si ni etanoli hiyohiyo? Nataka mafuta lita hamsini kwa jumla. Nikitia lita kumi na tano za spiriti, si nawaacha wote?"

Nilimwambia anipe muda. Ningemjibu "hapana" tu angeenda kumwuliza mwingine anayesema "ndiyo". Makala hii ndiyo jibu lake. Somo lenyewe mimi nililisoma kwa gari la mtu mwingine, na gharama yake bado inaniuma.

Kwa nini etanoli inapendwa

Tuanze na sifa zake, maana ni za kweli. Etanoli ni alkoholi. Brazil huipata kwenye miwa, na Iowa, nilikokaa kuanzia Januari hadi Juni kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi, huipata kwenye mahindi. Magari ya mashindano ya IndyCar yalihamia kwenye etanoli mwaka 2007.

Sifa ya kwanza ni oktani. Injini yenye turbo inasukumiwa hewa nyingi kwenye silinda. Hewa ikibanwa sana inapata joto, na mafuta yanaweza kulipuka yenyewe kabla moto wa plagi haujayafikia. Hapo utasikia injini inagonga, na kugonga kukiendelea kunavunja pistoni. Etanoli inastahimili kubanwa kuliko petroli. Oktani yake ni kama 108, wakati petroli ya kawaida ya sheli iko kwenye 90 na kitu.

Sifa ya pili ni ubaridi. Ukijimwagia spiriti mkononi unahisi baridi, kwa sababu inapogeuka mvuke inachukua joto la ngozi. Ndani ya injini ni hivyohivyo. Kilo moja ya etanoli inapogeuka mvuke inanyonya joto zaidi ya mara mbili ya lile linalonyonywa na kilo ya petroli. Hewa inaingia ikiwa imepoa, na hewa iliyopoa hukaa nyingi zaidi ndani ya silinda.

Sasa shika jambo hili: sifa hizo mbili hazikupi nguvu zenyewe. Zinakupa nafasi tu. Nguvu inakuja pale fundi anapoitumia nafasi hiyo kuongeza msukumo wa turbo na kuwahisha moto wa plagi kwenye kompyuta ya injini. Ukimimina etanoli bila kugusa mpangilio huo, hujapata kitu cha maana, ila deni umeshaanza kulilipa.

Deni lenyewe, kwa hesabu

Chukua kalamu. Lita moja ya petroli ina uzito wa kilo 0.745 hivi, na kila kilo inahitaji kilo 14.7 za hewa ili iungue kikamilifu. Zidisha: lita moja ya petroli inataka kilo 10.95 za hewa. Lita moja ya etanoli ina kilo 0.789, na kila kilo inahitaji kilo 9 tu za hewa. Zidisha: kilo 7.1.

Maana yake, kwa hewa ileile iliyoingia kwenye silinda, etanoli inabidi imiminwe kwa wingi zaidi. Gawanya 10.95 kwa 7.1, unapata 1.54. Ukihama kutoka petroli tupu kwenda etanoli tupu, injekta zako zinatakiwa kumwaga lita 154 pale zilipokuwa zinamwaga 100. Ndiyo maana anayetyuni gari kwa etanoli hubadilisha injekta na pampu ya mafuta kwanza, kompyuta baadaye.

Kwa mchanganyiko ni rahisi vilevile. Mafuta yenye etanoli asilimia 60, tuyaite E60: 0.60 × 7.1 jumlisha 0.40 × 10.95, jibu ni kilo 8.64 za hewa kwa lita. E82: 0.82 × 7.1 jumlisha 0.18 × 10.95, jibu 7.79. Ziweke namba hizi mbili pembeni, 8.64 na 7.79. Tutazihitaji sasa hivi.

Gari la binamu

Des Moines nilifikia kwa binamu yangu. Ni mkubwa kwangu, namwita kaka. Anafanya kazi usiku kwenye kiwanda cha nyama, na ana Subaru Impreza WRX aliyoinunua kwa kudunduliza miaka mitatu. Gari hilo lilikuwa starehe yake, na pia ndilo lililompeleka kazini saa nne usiku, saa ambayo hakuna basi.

Mwezi Februari aliamua kulityuni kwa E85, ile inayouzwa sheli kwa bei nafuu kuliko petroli. Akaniambia, "Mdogo wangu, wewe ndiye mhandisi. Kazi yako ni kupima mafuta." Nikavimba kichwa.

Kupima ni jambo dogo. Unachukua silinda ya kupimia ya maabara, unatia mililita 20 za maji, halafu mililita 50 za mafuta ya sheli. Unaziba, unatikisa, unaacha itulie. Etanoli inapenda maji kuliko inavyopenda petroli, kwa hiyo inaiacha petroli juu na kushuka chini kwenye maji. Tabaka la chini likisoma 50 badala ya 20, mililita 30 zimehama. Thelathini kati ya hamsini ni asilimia 60. Namba si kamili sana, lakini inatosha. Hufanyiwa nje, mbali na moto, ukiwa umevaa glavu.

Ndivyo nilivyofanya, nikapata 60. Nikaandika kwenye daftari: "E85 = 60." Nilishangaa kidogo. Kwa nini kitu kinachoitwa 85 kiwe 60? Nikasoma. Kumbe kiwango cha Marekani kinaruhusu mafuta yanayouzwa kwa jina hilo yawe na etanoli kati ya asilimia 51 na 83. Wakati wa theluji wanapunguza etanoli na kuongeza petroli, kwa sababu etanoli haitoi mvuke vizuri kwenye baridi na gari linagoma kuwaka asubuhi. Joto likirudi, etanoli inarudishwa juu. Nililisoma hilo, nikalielewa, hata nikamweleza kaka kwa mbwembwe.

Fundi akatyuni gari kwa namba yangu. Kwenye msukumo wa juu kabisa injekta zilikuwa zinafanya kazi asilimia 92 ya muda wake. Gari likawa moto wa kuotea mbali.

Mwezi Mei jua likatoka. Kaka akajaza tanki sheli ileile, pampu ileile, kibandiko kilekile cha njano. Nilikuwa na mitihani. Silinda ya kupimia ilikuwa juu ya kabati. Nikafungua daftari, nikaandika tarehe mpya, na mbele yake: "60." Sikupima.

Gari lenyewe lilijaribu kutuambia. Nilichomeka kifaa cha kusomea kompyuta, nikaona kwamba kwenye mwendo wa kawaida inaongeza mafuta kwa asilimia 11 kuliko ilivyopangiwa. Sensa ya oksijeni ilikuwa imegundua upungufu na inajaribu kuuziba. Nikasema labda ni uchafu kwenye sensa.

Rudi kwenye namba zako. Gawanya 8.64 kwa 7.79. Jibu ni 1.11. Ile asilimia 11 haikuwa uchafu. Ilikuwa tofauti kati ya E60 na E82, imeandikwa mbele ya macho yangu. Sasa chukua ile 92 ya injekta, zidisha kwa 1.11. Unapata 102. Injekta haiwezi kufunguka asilimia 102 ya muda. Taratibu barabarani kompyuta ilikuwa na nafasi ya kuongeza mafuta. Kwenye msukumo wa juu nafasi hiyo haikuwepo, na pampu nayo ilikuwa imefika mwisho.

Jioni moja kaka alikuwa anaingia barabara kuu, akakanyaga. Mimi nilikaa pembeni yake. Mshale wa mchanganyiko wa hewa na mafuta ulitakiwa ukae 0.80. Ukapanda 0.88, kisha 0.95. Hewa nyingi, mafuta kidogo, joto kali. Kabla hajainua mguu tulisikia mgongano, kama mtu anatikisa misumari kwenye kopo. Kisha gari likaanza kutetemeka.

Tulipopima mgandamizo, silinda tatu zilikuwa sawa, ya nne imebaki nusu. Injini ilipofunguliwa, ukingo wa pistoni ulikuwa umeyeyuka kama sabuni iliyosahaulika kwenye maji.

Kaka hakunifokea, na afadhali angefoka. Alifungua daftari langu, akatazama ile "60" ya Mei, akauliza, "Hii uliipima?" Nikasema hapana. Akalifunga. Kwa wiki sita alikwenda kazini kwa kuomba lifti, na usiku mbili alitembea. Nilimwachia fedha zote zilizobaki za posho yangu. Hazikufika hata nusu ya gharama.

Tunajifunza nini

Kosa halikuwa la etanoli, wala la sheli, ambayo iliuza mafuta yaliyo ndani ya kiwango. Fundi naye alifuata namba niliyompa. Nilichukua kipimo cha Februari nikakifanya ukweli wa Mei. Hapa chuoni tunafanya hivyo kila siku kwenye ripoti za maabara: namba haikutoka, tunaandika ile ya mwaka jana. Mhadhiri anaweza asijue. Pistoni haikuhitaji kujua. Ilipokea mafuta pungufu, ikayeyuka.

Kwa anayetaka kufanya kazi hii kwa usahihi, kuna sensa ya etanoli inayofungwa kwenye mpira wa mafuta. Inatoa mapigo ya umeme: 50 kwa sekunde ikiwa hakuna etanoli, 150 ikiwa ni etanoli tupu. Toa 50 unapata asilimia. Kompyuta inayoweza kuisoma hurekebisha mafuta na moto wa plagi yenyewe kila unapojaza. Kama huna sensa hiyo, pima kwa mkono kila tanki, bila kujali kibandiko. Na fundi aache akiba: injekta zikiwa 92 kwenye mafuta ya baridi, hakuna pa kwenda joto likija. Ukiona kompyuta inaongeza mafuta kuliko kawaida, tafuta sababu kabla ya kukanyaga.

Na jamaa yangu wa Altezza? Nilimpa kalamu akokotoe mwenyewe. Lita 15 kati ya lita 50 ni asilimia 30. 0.30 × 7.1 jumlisha 0.70 × 10.95 ni 9.8. Gawanya 10.95 kwa 9.8, unapata 1.12. Gari lake litahitaji mafuta asilimia 12 zaidi, na mpangilio wake haujui hilo. Halina turbo, moto wa plagi haujaguswa, kwa hiyo nguvu anayoiwaza haipo. Spiriti ya majiko nayo ina maji, na maji yakizidi, mchanganyiko unajitenga: petroli juu, maji na spiriti chini. Pampu ya mafuta inanyonya chini.

Akatazama karatasi kwa muda. "Kwa hiyo nisiweke?"

"Usiweke."

"Basi hiyo silinda ya kupimia unayo?"

Ninayo. Nilirudi nayo kutoka Des Moines, na daftari pia. Ukurasa wa Mei sijaufuta.